Chuma ni Changu, Hadithi ni ya Nani?

Yamumbi, jirani na Langas mjini Eldoret, kuna gereji isiyo na ukuta wala bango: mkaratusi mmoja, injini tatu chini ya magunia, na udongo ulionyweshwa oili hadi ukawa mweusi kama masizi. Hapo nimewaketisha watu watano wabishane. Mbele yao kuna Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, imesimama juu ya mawe manne. Mzee mwenye gari hilo anataka kuliuza. Dalali wa mjini amemletea fomu ya kurasa mbili, anataka saini leo ili gari liingie mnada wa mwisho wa mwezi. Mzee ameikunja fomu akaitia mfuko wa koti, na kalamu bado hajaigusa. Swali langu kwao ni moja: mtu akimkabidhi dalali gari lake la kale, kisha mambo yakaharibika, nani abebe mzigo?

DALALI: Nianze mimi, kwa sababu nimefika hapa nikiwa nimeshahukumiwa. Mtu akisikia dalali, anawaza sofa zikitolewa nyumbani alfajiri. Kazi hiyo ipo, na ina kanuni zake tangu 1997: mwenye mali hupewa notisi ya siku saba aikomboe kabla haijachukuliwa, na ikishachukuliwa haiuzwi kabla siku saba hazijapita tangu tangazo la kwanza gazetini. Lakini leo sikuja kukamata cha mtu. Mzee ndiye ananituma. Nina leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Mimi ni mkono wake tu.

MZEE: Mkono wangu mwenyewe haujawahi kunitoza kamisheni.

WAKILI: Mzee, dalali amesema kweli, ila ameikata katikati. Ni wakala wako, ndiyo. Wajibu wake ni kufuata maagizo yako na kukutafutia bei nzuri. Kipande alichokiacha ni hiki: kwenye minada mikubwa ya magari ya kale, nyumba ya mnada hula pande zote mbili. Muuzaji hukatwa kamisheni, na mnunuzi huongezewa asilimia juu ya bei ya nyundo. Wewe anakuhitaji mara moja, siku ya saini. Wanunuzi anawahitaji kila mwezi. Sisemi ni mwizi. Nasema mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi inayoponyoka ni ya muuzaji.

DALALI: Nisipowatunza wanunuzi, nani atampandishia mzee dau? Mnada wenye mtu mmoja si mnada, ni majirani wanauziana mbuzi.

MWANDISHI: Tuanzie kwenye bei, maana hapo ndipo kelele huanzia.

MAMA CHAI: Basi niulize mimi, kabla maji hayajachemka. Mzee anataka laki tano. Mtu anasema elfu thelathini, wengine kimya, nyundo inagonga. Mzee anaweza kukataa?

WAKILI: Nyundo ikigonga, mauzo yamekamilika. Ndivyo inavyosema Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Kabla haijagonga, aliyepanda dau anaweza kuliondoa na hakuna wa kumshika shati. Majaji wa Uingereza waliliamua hilo mwaka 1789, kesi ya Payne na Cave, nasi tuliurithi msingi wao pamoja na reli na chai ya maziwa. Kinga ya muuzaji ni bei ya chini, ile ambayo gari halitoki ikiwa haijafikiwa. Isipoandikwa, elfu thelathini ni bei kama bei nyingine.

DALALI: Na wa kuikataa bei ya chini ni wauzaji wenyewe! Mtu ana karo ya kulipa, anakwambia, "Wewe uza tu." Siku ya mnada mvua inanyesha, wamekuja watu wanne, dau linasimama chini kama gari lililokwisha petroli. Hapo ananivuta mkono: "Rudisha, rudisha." Nirudishe vipi na nimetangaza kwamba linauzwa bila kikomo?

WAKILI: Ukirudisha, unalipa. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ambayo fundi wetu ataipenda. Zilikuwa mashine mbili za kupima injini, ambazo mpya kila moja ilikuwa zaidi ya pauni 14,000. Zikanadiwa bila bei ya chini. Akajitokeza mtu mmoja tu, akatoa pauni 200 kwa kila moja. Dalali akaona haya, akaziondoa mnadani, siku chache baadaye akaziuza kwa pauni 750 moja moja. Yule wa pauni 200 akaenda kortini. Dalali akaamriwa amlipe pauni 27,600.

FUNDI: Mashine ya kupima injini kwa pauni 200! Na mimi hapa napima kwa sikio na bisibisi.

DALALI: Umesikia lakini, mzee? Alitaka kumwokolea mwenye mali, yeye ndiye akaumia.

WAKILI: Aliumia kwa sababu alitangaza jambo kisha akalitengua. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Eldoret, ila unasomwa, na mawakili wa pande zote mbili wangeubeba kwapani.

MZEE: Na kama sina bei ya chini, lakini kijana wangu anasimama kule nyuma, hajulikani, anapandisha dau kidogo kidogo?

WAKILI: Lo, mzee! Sura ya 31 imekuona. Muuzaji akitaka kupanda dau kwenye mali yake, yeye au mtu wake, lazima itangazwe mapema. Isipotangazwa ni kosa, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Mwaka 1859 kulikuwa na kesi ya farasi jike aliyetangazwa kuuzwa bila kikomo, kisha mwenyewe akapanda dau akamnunua farasi wake mwenyewe. Tangu wakati huo kila anayesomea sheria ya minada humkuta farasi huyo njiani.

MZEE: Niliuliza tu.

MAMA CHAI: Wote huuliza tu.

DALALI: Mnaongea kama kwamba dalali anataka ubaya. Wakati mwingine ni ulimi. Agosti 2019, kule Monterey, California, nyumba ya RM Sotheby's ilipandisha jukwaani gari la mwaka 1939 linaloitwa Porsche Type 64.

MZEE: Sitini na nne? Kama sisi?

DALALI: Kama sisi kabisa, Eldoret yetu inayoitwa Sisibo, sitini na nne. Mnadishaji akafungua kwa dola milioni kumi na tatu. Kwa Kiingereza, kumi na tatu na thelathini zikitamkwa haraka ni mapacha. Kioo cha ukumbini kikaandika thelathini. Kumi na nne ikawa arobaini, kumi na tano ikawa hamsini. Watu wakasimama, simu juu, wanapiga makofi. Kilipofika sabini, mnadishaji akasema hapana, ni kumi na saba. Ukumbi ukazomea. Gari halikuuzwa usiku ule.

FUNDI: Kwa Kiswahili isingetokea.

DALALI: Saba na sabini? Njoo mnada wa ng'ombe siku ya upepo, uniambie.

MWANDISHI: Mwenye gari alipoteza nini hapo? Hakuna aliyemwibia.

WAKILI: Alipoteza siku yake. Gari la kale huwa na siku moja ambayo matajiri wote wanalitazama kwa pamoja. Likishindwa mbele yao, hubeba jina la gari lililokataliwa. Muuzaji wa namna hiyo akija ofisini kwangu, jambo la kwanza nitamwomba fomu aliyosaini. Nyingi zina kifungu kinachosema nyumba haiwajibiki kwa makosa ya siku ya mnada. Mzee, nipe hiyo ya mfukoni.

Mzee anaitoa fomu. Wakili anaikunjua juu ya boneti, anaisoma kwa kidole. Fundi, aliyechoka kukaa, anachukua kitambaa na mafuta ya taa kwenye kopo la rangi, anafungua upande wa pili wa boneti na kuingiza kichwa. Kutoka mle ndani sauti yake inakuja kama ya mtu aliye kisimani.

FUNDI: Endeleeni. Natafuta nambari ya injini. Hili tope lina umri wangu.

WAKILI: Hapa, ukurasa wa pili: "Muuzaji anathibitisha kwamba maelezo yote ya gari ni ya kweli na atafidia nyumba kwa hasara yoyote." Na juu yake, kwenye nafasi ya maelezo, dalali ameshajaza kwa mwandiko wake: "Peugeot 404, gari la Safari Rally."

DALALI: Mzee mwenyewe aliniambia!

MZEE: Aliyeniuzia aliniambia kwamba lilikimbia Safari.

MWANDISHI: Sasa tumefika. Nilidhani tunabishania bei, kumbe bei ni moshi, moto uko hapa. Nani ameandika hadithi ya gari hili, na nani ataitetea?

DALALI: Ngoja niwaambie kwa nini niliandika. Mbio za Safari zilianza 1953, na Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 na ile ya 1968 zilikuwa za matope hivi kwamba magari saba tu yalifika mwisho, na mara zote mbili Nick Nowicki ndiye aliyekuwa mbele na 404. Leo kuna mbio za Safari za magari ya kale, tangu 2003. Kuna maonyesho ya magari ya Concours pale Ngong, yaliyoanza 1970, watu wanang'arisha hata misumari ya chini ya zulia. Wenye pesa wa namna hiyo hawanunui chuma. 404 bila hadithi ni spea. 404 yenye Safari ni urithi. Nikiandika "gari kuukuu, limesimama juu ya mawe Yamumbi", mzee atapata nauli ya kurudi nyumbani.

FUNDI: (kutoka kisimani) Kama kila 404 inayosemwa ilikimbia Safari ingekuwa kweli ilikimbia, msongamano ungefika Kampala.

MZEE: Wewe safisha.

WAKILI: Dalali amenisaidia hoja. Mnada wa kawaida huuza kitu. Mnada wa magari ya kale huuza kitu pamoja na masimulizi yake: nani alilimiliki, lilikimbia wapi, injini ni ile ya kiwandani au ni ya kupachika. Ndiyo maana kesi zake haziko kama za friji. Mwaka 2014 nyumba ya Bonhams ilinadi pale Goodwood, Uingereza, Ferrari 375-Plus ya 1954 kwa zaidi ya pauni milioni kumi. Gari hilo lilikuwa na ugomvi wa miaka mingi kati ya Ohio na Ubelgiji kuhusu mwenyewe ni nani, na kabla ya mnada ilisemwa kwamba pande zimeelewana. Nyundo ikagonga, kisha mnunuzi, nyumba ya mnada na waliouza wakakutana Mahakama Kuu ya London. Gari lilikuwa zima. Ila historia yake haikuwa imefungwa.

DALALI: Na sisi wadogo mnatutaka tujue mambo ambayo Bonhams yaliwashinda? Hata sheria ina huruma kuliko wewe, wakili. Kuna kesi ya 1990 huko huko Uingereza. Dalali wa mkoani alipewa picha mbili za mbwa wa kuwinda. Akaziuza pauni 840. Miezi michache baadaye zikauzwa Sotheby's kama kazi ya George Stubbs, pauni 88,000. Wenyewe wakamshtaki dalali wa mkoani. Mahakama ya Rufaa ikasema huyu ni kama daktari wa kawaida, usimpime kwa kipimo cha bingwa. Akashinda. Mimi huuza trekta, viti vya baa, ng'ombe wa maziwa. Mimi ni zahanati.

WAKILI: Umeisoma vizuri. Hata bingwa hushinda akionyesha alifanya kazi yake: mwaka 2015 muuzaji aliyedai Sotheby's walishindwa kuitambua picha ya Caravaggio alipoteza kesi. Sheria haidai dalali awe nabii. Lakini angalia tofauti, ndugu yangu. Yule wa 1990 alinyamaza kwa kutojua. Wewe umesema bila kujua. Zahanati haikatazwi kukosa mashine ya moyo. Inakatazwa kuandika mlangoni kwamba wanapasua moyo.

MAMA CHAI: Hapo umepata sukari, dalali. Koroga.

DALALI: Basi mzee asaini kwamba maneno ni yake.

MZEE: Ndiyo hiyo fomu yako inataka! Maneno umeandika wewe kwa sababu yanakuletea watu, saini niweke mimi kwa sababu yataniletea kesi. Mimi nililinunua gari hili kubeba maziwa. Limebeba maziwa, limebeba wagonjwa, limebeba mabibi harusi watatu. Hayo ninayajua, na hayo hukuyaandika.

MWANDISHI: Kwa hiyo kosa ni la dalali?

WAKILI: Si lake peke yake. Mzee alisikia jambo likampendeza, akalipitisha kama alivyolipokea. Muuzaji ndiye mwenye kumbukumbu, dalali ndiye mwenye kalamu. Kila mmoja anadhani mwenzake amehakikisha. Ugomvi wa minada ya magari ya kale huzaliwa kwenye hilo pengo, na nyundo huja tu kuupigia kengele.

FUNDI: Nimeipata. Soma logbook, wakili. Nambari ya injini.

Anatoka na uso wenye madoa, kitambaa kimekuwa cheusi. Wakili anafungua kijitabu ambacho kimeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Anasoma tarakimu moja moja, fundi anaitikia kutoka kwenye bloku. Tatu za kwanza zinaoana. Ya nne haioani, wala zinazofuata. Wanarudia, safari hii fundi anafuta kwa ukucha. Jibu ni lile lile.

MZEE: Nakuru. Ilipiga ngoma Nakuru, pistoni ikatoboa. Tukaweka ya gari lililokuwa limegongwa ubavuni. Nilikuwa nimesahau.

DALALI: Chesisi je?

FUNDI: Chesisi ni yake. Nimeiona kabla ya chai.

DALALI: Basi tulieni. Mnunuzi hataingia na mafuta ya taa. Atapiga picha tu.

WAKILI: Wa Yamumbi hataingia. Wa Safari ya magari ya kale ataingia na tochi, na fundi wake, na wakili wake. Na kabla ya huyo kuna NTSA, mamlaka ya usajili wa magari: injini ikibadilishwa, taarifa za gari hubadilishwa huko pia. Mzee, kitabu chako kinataja injini ambayo haipo. Ukilipeleka mnadani hivyo, utaitwa mwongo kwa jambo ambalo ulilifanya barabarani usiku ukiwa na maziwa ya watu.

MAMA CHAI: Na akishauza, amemalizana nalo?

WAKILI: Hapana, na hili wauzaji wengi hulijua wakiwa kizimbani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na inampa mmiliki mpya siku kumi na nne awe amesajiliwa. Mnunuzi akikawia, akagonga mtu Burnt Forest, samansi huja kwa mzee. Kwa hiyo nitaongeza kwenye fomu: gari halitoki yadi kabla umiliki haujahamishwa, na pesa za mzee zinalipwa lini, kwa siku zinazohesabika.

DALALI: Ukiweka masharti yote hayo, mteja wangu atakuwa wewe, si mzee.

MWANDISHI: Na akikataa masharti, au akiyakubali kisha akayavunja, mzee ana mlango gani?

WAKILI: Ana mitatu. Malalamiko kwa Bodi ya Leseni za Madalali, hiyo inagusa leseni. Fidia kortini, maana Sheria ya Madalali inampa aliyeumizwa na dalali aliyetumia vibaya mamlaka yake haki ya kumdai moja kwa moja. Na kama dai halizidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku sitini. Gari hili linaenea humo. Ila nikwambie kama ningekuwa binti yako wa kuzaa: milango hiyo yote hufunguliwa kwa karatasi. Ukija na "aliniambia", utakaa kwenye benchi la nje.

MZEE: Nipe kalamu.

Anaikata kwa mstari mmoja sentensi ya Safari Rally. Dalali anageuza uso kama aliyeona kuku wake akikanyagwa. Chini yake mzee anaandika polepole, herufi za mtu aliyesoma kwa vibao: "Injini si ya kwanza, ilibadilishwa Nakuru. Niliambiwa lilikimbia Safari, sina karatasi. Limebeba maziwa Yamumbi." Anamsukumia dalali.

DALALI: Hii itakupunguzia bei.

MZEE: Kiasi gani?

DALALI: Nani ajuaye? Wengine watakimbia. Mmoja anaweza kupenda hayo maziwa. (Anaisoma tena.) Kwa kweli, hii ya maziwa ninaweza kuisema jukwaani bila kutetemeka.

WAKILI: Basi na wewe saini chini yake, kwamba utayasema hayo na si mengine.

Dalali anasita, anatazama saa, anasaini. Imebaki nafasi moja tupu: bei ya chini. Mzee anasema laki tano. Dalali anasema, kwa injini ya kupachika, laki tatu na ashukuru. Fundi anasema ng'ombe wawili wa maziwa, kila mtu ajue thamani yake. Wanavutana hadi chai inapoa, wanakutana kwenye laki nne, na mzee anaanza kuandika nne na masufuri yake.

MAMA CHAI: Mzee, usiandike tarakimu tupu. Andika kwa maneno. Kule kwa wenye Sitini na nne yao, mlisikia yaliyotokea.